Magemu ya aina gani ndiyo magumu zaidi kuyabobea? Tujadili kwa hoja

#1 Mtegaji (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mjadala huu ukiibuka, watu hukimbilia kutaja gemu lililowatoa jasho: huyu Sekiro, yule Elden Ring, mwingine Dark Souls. Kurasa tatu baadaye kila mtu bado anaongelea lake, kwa sababu kulimaliza gemu na kulibobea ni mambo mawili tofauti. Safari hii naomba tuongelee aina nzima, siyo gemu mojamoja, na swali liwe hili: ni aina ipi inayomchukua mtu muda mrefu zaidi mpaka wale wanaoijua kweli wakubali kwamba naye anaijua?

Msimamo wangu ni mikakati ya papo kwa papo, yaani yale ya kujenga kambi na kuongoza jeshi wakati mpinzani naye anafanya hivyohivyo, bila kupeana zamu. StarCraft, Age of Empires, Warcraft III na ukoo wote ule. Nipeni nafasi nijieleze.

Nianze na magemu ya FromSoftware, kampuni iliyotengeneza hayo matatu niliyotaja juu, maana najua ndiyo yatakayotajwa kwanza. Ni makali, sibishi. Malenia, bosi wa Elden Ring, kila upanga wake ukikugusa anajirudishia uhai, hata ukiwa umelizuia pigo kwa ngao. Ila Malenia hajifunzi chochote kutokana na pambano lenu la jana. Mapigo yake ni yaleyale, na namna anavyouinua mkono kabla ya kulirusha kila pigo ni ileile. Ukishamkariri umemkariri, na kuanzia hapo kinachobaki ni utulivu wa vidole.

Kwenye mikakati ya papo kwa papo hakuna mahali pa kufika namna hiyo. Chukueni StarCraft ya 1998 na nyongeza yake ya Brood War. Gemu linakuruhusu kushika askari 12 tu kwa mkupuo. Majengo huwezi kuyashika kadhaa pamoja. Kambi moja unaibofya, unaagiza askari, unahamia nyingine. Mfanyakazi akizaliwa anasimama palepale mpaka wewe mwenyewe umpeleke kwenye madini. Sasa weka juu ya hayo vita vinavyoendelea upande wa pili wa ramani, weka giza linalofunika kila sehemu usiyo na mtu wa kuitazama, na weka mpinzani ambaye muda huohuo anatafuta njia ya kukuingilia kwa nyuma. Mabingwa wa gemu hili hupita vitendo 300 kwa dakika, yaani zaidi ya vitano kila sekunde.

Na bado kasi siyo kiini chake. Kiini ni macho. Skrini inakuonyesha kipande kidogo tu cha ramani. Ukitazama vita, nyumbani hakuna anayeangalia. Ukipanga mambo ya nyumbani, askari wako wanapigana bila kiongozi. Mchezaji wa StarCraft kila wakati kuna kitu anakitelekeza, na ubingwa ni kujua kipi kinaweza kutelekezwa kwa sekunde mbili bila kukugharimu mchezo mzima. Hilo halikaririki, kwa sababu jibu linabadilika kila mpinzani anapobadilika, na hata kwa mpinzani yuleyule linabadilika dakika kwa dakika.

Tazameni pia kompyuta zilivyopata shida. Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov kwenye chesi mwaka 1997. AlphaGo ilimshinda Lee Sedol kwenye Go mwaka 2016. StarCraft II ikasubiri hadi 2019 ndipo AlphaStar ya DeepMind ikafika daraja la Grandmaster, juu ya asilimia 99.8 ya wachezaji wa mashindano ya mtandaoni. Ni kiwango cha kutisha, lakini hata hapo haikuwa imemmaliza kila binadamu.

Karibuni. Ukitaja aina, tafadhali eleza ni nini hasa ndani yake kinachokula muda kujifunza.

#2 FremuKumi

Mkuu umeshusha nondo, lakini mimi nasimama na magemu ya ngumi, na sisogei.

Hoja yako ya macho ni nzuri. Sasa njoo kwenye Tekken au Street Fighter: macho hayana pa kwenda, kila kitu kiko mbele yako, hakuna giza, hakuna askari wa kupoteza. Na bado unapigwa! Kwa nini? Kwa sababu gemu linakwenda fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60, na binadamu akiona kitu anahitaji takriban robo sekunde mpaka kidole kibonyeze. Hiyo ni fremu kama 15. Ngumi nyepesi ya Street Fighter 6 inafika kwa fremu nne. Ya Tekken kwa kumi. Maana yake ni kwamba huwezi kuiona ngumi ndipo uizuie. Unatakiwa uwe umeshajua kwamba inakuja, na utajua kwa kuwa umemsoma mtu, siyo skrini.

Halafu kuna mzigo wa kukumbuka. Wahusika wengi wa Tekken wana mapigo zaidi ya mia. Tekken 8 ilitoka Januari 2024 ikiwa na wahusika 32. Ili ufike mbali, kujua mapigo ya mtu wako hakutoshi. Unatakiwa ujue kila pigo la kila mhusika likizuiwa linamwacha mwenyewe nyuma kwa fremu ngapi, maana hapo ndipo penye ruhusa ya kumwadhibu. Ukikosea kidogo, unayeadhibiwa ni wewe.

Niwape mfano mmoja wa vidole. Watu wa ukoo wa Mishima kwenye Tekken wana ile ngumi yao ya umeme. Mbele, achia, chini, kisha chini-mbele, na kitufe cha ngumi ya kulia kinatakiwa kibonyezwe kwenye fremu ileile ambayo kijiti kimegusa chini-mbele. Fremu ileile, siyo inayofuata. Ukifanikiwa, unaona umeme wa buluu mkononi, na hata mpinzani akiizuia wewe ndiye unayebaki na zamu. Ukichelewa fremu moja inatoka ile ya kawaida, haina umeme, na akiizuia anakuadhibu. Sasa hiyo ifanye upande wa kushoto, ifanye upande wa kulia, ifanye wakati mtu anakukimbilia na umebakiwa na uhai kidogo.

Mwisho, hakuna wa kumsingizia. Hakuna timu wala ramani mbaya. Kuna wewe na yeye tu.

#3 Nahodha wa Tano

Aina zinazochezwa kwa timu ndizo ngumu kuliko zote, na nashangaa mleta mada hakuzigusa kabisa. Dota 2 ina mashujaa, yaani wahusika wa kuchagua, zaidi ya 120, League of Legends zaidi ya 160. Kabla mchezo haujaanza tayari kuna vita ya kuchagua na kuzuia, na timu inaweza kupoteza palepale.

Ukiingia ndani, kuna mambo ambayo mtazamaji hayaoni kabisa. Kila upande una viumbe wadogo wanaojiendesha wenyewe, na pesa ya kiumbe anaipata yule aliyempiga pigo la mwisho, kwa hiyo unasubiri uhai wa kiumbe ushuke hadi pale pigo lako moja linapotosha. Kwenye Dota unaweza hata kumuua kiumbe wa upande wako mwenyewe ili adui asimpate. Mawimbi ya viumbe hutoka kila baada ya sekunde 30. Viumbe wa porini huzaliwa kila dakika ikianza, kwa hiyo msaidizi mzuri ana saa kichwani: karibu na sekunde ya 53 anawachokoza ili watoke nje ya kambi yao, na dakika mpya ikiingia wanazaliwa wengine juu ya wale. Anafanya hayo huku akilinda mwenzake.

Na umetaja kompyuta. OpenAI Five, programu ya kucheza Dota 2, iliishinda timu ya OG, mabingwa wa dunia, Aprili 2019. Lakini mechi ile ilichezwa kwa mashujaa 17 tu waliokubaliwa. Wengine kama mia waliachwa nje. Hiyo inakuambia nini kuhusu ukubwa wa kitu chenyewe?

#4 Mtegaji

FremuKumi, hoja ya kumsoma mtu naikubali kwa mikono miwili. Nitairudia.

Nahodha, hapo nina swali. Kwenye Dota mtu mmoja anamwongoza shujaa mmoja. Ugumu wa kujua mashujaa 120 ni wa kusoma na kukumbuka, na ugumu wa timu ni wa kuelewana. Vyote ni vikubwa. Lakini mchezaji wa wastani akiwa na wenzake wanne wazuri anaweza kushinda mechi. StarCraft haikupi nafasi hiyo.

#5 Nahodha wa Tano

Na kinyume chake pia ni kweli mkuu. Mchezaji hodari akiwekwa na wenzake wanne wasioelewana anapoteza. Kwa hiyo kwenye Dota unatakiwa ubobee kitu cha ziada ambacho StarCraft haikuulizi: kumfanya mtu usiyemjua, aliyekwisha kasirika, acheze vizuri kwa dakika arobaini. Ninyi mnaita hiyo bahati. Wanaopanda madaraja kila msimu hawana bahati kuliko wengine, wanajua kuzungumza na watu.

#6 Risasi Moja

Mmesahau magemu ya risasi. Counter-Strike watu wanaona ni kulenga tu. Kulenga ni robo ya safari.

Ukikimbia huku unapiga, risasi zinasambaa, kwa hiyo kabla ya kufyatua lazima usimame. Ukiachia tu kitufe, mwili unateleza kidogo. Kwa hiyo unagonga kitufe cha upande wa pili kwa kitambo kifupi mno ili usimame papo hapo, na risasi itoke ndani ya kitambo hichohicho. Halafu AK-47 ina risasi 30, na ukishikilia kitufe mtutu unapanda juu kisha unayumba pembeni kwa mchoro uleule siku zote. Wakongwe wanauvuta mausi kinyume cha mchoro huo bila kuufikiria. Juu ya hapo kuna pesa ya raundi: kuna raundi unakubali kupoteza ukiwa na bastola ili raundi ijayo wote watano mnunue silaha kamili. Kuna kusikiliza nyayo. Kuna kujua pembe ya kusimama na nukta ya kulenga angani ili bomu la moshi liangukie mlango ambao huuoni.

Mtu anaweza kulenga kama malaika akakwama daraja la kati kwa sababu hajui kwa nini anakufa.

#7 Angani Tu

Rocket League. Naomba nisiandike mengi. Gari, mpira, magoli mawili, dakika tano. Magari hayaongezewi nguvu, hakuna silaha ya kununua, hakuna wahusika wa kukariri. Mtoto analielewa gemu papo hapo. Kisha unaruka angani ukifuata mpira, unaligeuza gari kwa pande zake zote tatu kwa wakati mmoja huku ukikadiria moto wa kulisukuma gari uliobaki kwenye tanki, na unagundua kwamba vidole vyako havijui lolote. Limetoka 2015 na mpaka leo watu wanavumbua namna mpya za kuugusa mpira hewani. Gemu lisilo na cha kukariri ndilo gumu kuliko yote.

#8 Mpanga Matofali

Angani Tu, umenifungulia mlango. Nilikuwa nasoma kimya ila hapa lazima nichangie.

Hakuna aliyetaja mafumbo, na naelewa kwa nini: mafumbo mengi ukishayafumbua yameisha. Lakini Tetris siyo ya hivyo. Toleo la Nintendo la 1989 lina uwanja wa upana wa vipande 10 na kimo cha 20. Kasi inaongezeka kadiri levo zinavyopanda, na kwenye levo ya 29 tofali linashuka mstari mmoja kila fremu. Kutoka juu hadi chini ni theluthi ya sekunde. Ukishikilia kitufe cha kushoto kama kawaida, tofali linagusa chini kabla halijafika ukutani. Kwa miaka mingi ilikubalika kwamba gemu linaishia hapo, na waliokwenda zaidi walikuwa wa kuhesabika.

Walichofanya wachezaji ni kuubadilisha mkono. Kwanza wakaja na kutetemesha kidole gumba juu ya kitufe, haraka kuliko pedi yenyewe inavyorudia amri. Baadaye ikaja namna nyingine kabisa: kidole gumba kinatulia juu ya kitufe, na vidole vya mkono wa pili vinaipiga pedi kwa nyuma, kimoja baada ya kingine, kila kidole kikiisukuma pedi ijibonyeze dhidi ya gumba. Kasi ikaruka. Desemba 2023 mvulana wa miaka 13 kutoka Oklahoma, Marekani, akafika levo ya 157 na gemu likaganda. Programu yenyewe ndiyo iliyoshindwa kuendelea. Zaidi ya miaka 30 baada ya gemu kutoka!

Ninachotaka kusema ni kwamba mnapima ugumu kwa kuhesabu vitu vilivyomo ndani ya gemu. Tetris ina matofali saba tu. Ugumu wake umewekwa na wachezaji wenyewe, kila mmoja akimsukuma mwenzake mbele kidogo.

#9 FremuKumi

Mpanga Matofali, huu ndio mchango wa uzi mzima mpaka sasa. Na ndivyo ilivyo kwetu. Mwaka 2004, mashindano ya Evolution kule California, Street Fighter III: 3rd Strike. Justin Wong wa Marekani ana Chun-Li, Daigo Umehara wa Japani ana Ken aliyebakiwa na uhai mwembamba kama uzi. Kumbukeni kwamba mapigo makubwa yanakwangua uhai hata ukiyazuia, kwa hiyo kuzuia tu kungemuua. Justin anaachia mateke ya mfululizo, mapigo 15. Gemu lile lina namna ya kulikataa pigo: unagonga kijiti mbele, kuelekea pigo lenyewe, kitambo kilekile linapofika. Ukiwahi au ukichelewa limekupata. Daigo akayakataa yote 15, la mwisho akiwa hewani, akatua na kumalizia raundi.

Mateke ya kwanza yanakuja haraka mno kwa mtu anayesubiri kuyaona. Ili afanikiwe alitakiwa awe amekwisha kuhisi kwamba Justin ataachia sasa hivi. Mpaka leo kuna watu wanaojifungia chumba cha mazoezi kuiga zile sekunde chache. Kuyakataa mapigo 15 ya kompyuta kunawezekana kwa mazoezi. Kuyakataa ya mtu, ukumbi mzima ukipiga kelele, na kuhisi wakati atakaoachia, hicho ni kitu kingine kabisa.

#10 Kona ya Pili

Simulizi za mbio za magari, wakuu. Namaanisha Assetto Corsa na iRacing, siyo yale ya kugonga kuta na kuendelea.

Kinachokula miaka ni pedali ya breki. Anayeanza anakanyaga breki, anaachia, ndipo anakata kona. Anayejua anakanyaga kwa nguvu mwanzoni, kisha anaachia taratibu huku usukani ukizidi kuingia, ili uzito ubaki kwenye magurudumu ya mbele na gari ligeuke. Ukiachia haraka mno gari linakwenda moja kwa moja. Ukichelewa kuachia, nyuma inazunguka. Na kiwango cha kuachia kinabadilika kwa kila kona, kwa kila mzunguko, maana matairi yanapata moto na mafuta yanapungua. Tofauti ya bingwa na mtu mzuri ni sehemu ndogo ya sekunde kwa kila kona, na kona ni nyingi.

Na ujuzi huu ni wa kweli hadi nje ya skrini. Lucas Ordóñez wa Uhispania alishinda GT Academy ya kwanza mwaka 2008, shindano la kutafuta madereva kupitia gemu la Gran Turismo, na mwaka 2011 akasimama jukwaani kwenye mbio za kweli za Le Mans kwenye daraja lake, LMP2. Nitajieni aina nyingine ya gemu inayomfikisha mtu huko.

#11 Risasi Moja

Kona ya Pili, hapo ndipo ninapoona tofauti. Gari linafuata sheria za mwendo, na sheria hizo zipo tangu zamani. Mtu anaweza kusoma kitabu cha udereva wa mashindano kikamsaidia. Hakuna kitabu cha nje kitakachokusaidia kwenye Tekken.

#12 Mtegaji

Nimewasoma wote, sasa narudi kama nilivyoahidi.

Naona michango yenu imejigawa bila sisi kupanga. Upande mmoja kuna magemu ambayo mpinzani wako ni kitu kisichobadilika: kona, tofali, bosi. Hayo yana ugumu mkubwa wa mkono, na Mpanga Matofali ametuonyesha kwamba mkono unaweza kusukumwa mbali kuliko tulivyodhani. Upande wa pili kuna magemu ambayo mpinzani ni mtu, naye anajifunza usiku ule unapojifunza wewe. Hapo kila unachokijua kina muda wake wa kuisha. Mbinu iliyokupandisha mwezi huu, mwezi ujao wote wana dawa yake.

Kwa hiyo, kwangu mimi kundi la pili ndilo gumu zaidi kulibobea, na ndani ya kundi hilo tunabishana vizuri. Magemu ya ngumi yanakutaka umsome mtu ukiwa unamwona. Mikakati ya papo kwa papo inakutaka umsome mtu usiyemwona. Unatuma skauti mmoja, anachungulia kambi ya adui kwa sekunde chache kabla hajauawa, na kwa kile alichokiona, pengine jengo moja lisilopaswa kuwapo mapema vile, au gesi ambayo haijaguswa, unatakiwa ujue dakika nne zijazo zitaleta nini na uanze kujenga jibu sasa hivi. Ukijenga jibu lisilo lake, hutajua mpaka amefika mlangoni. Na unapofikiria hayo yote, wafanyakazi hawajasimama kukusubiri.

FremuKumi unasema kila kitu kiko mbele yako na bado unapigwa. Nakubali. Mimi nasema kuna gemu ambalo unapigwa na kitu ulichotakiwa kukiona dakika nne zilizopita, mahali ambapo hukuwa unatazama. Kwa hilo sibadilishi msimamo.

#13 FremuKumi

Nami sibadilishi, ila hoja ya skauti ni nzito. Hiyo nimeipenda.

#14 Shimo la Saba

Naongeza moja fupi kwa ajili ya kundi la kwanza la Mtegaji. NetHack ya 1987 na wajukuu wake hadi Slay the Spire. Ukifa unaanza upya, na pango linachorwa upya kila mara, kwa hiyo huna ramani ya kukariri kama kwa Malenia. Mpinzani siyo mtu, lakini pia siyo kitu kilekile. Mleta mada, hilo linakaa katikati ya makundi yako mawili, usilisahau.

#15 Mgeni Jamvini

Habari zenu wakuu. Nimesoma uzi wote. Mimi nina kompyuta ya kawaida, kibodi na mausi, sina pedi. Nimevutiwa na hii mikakati ya papo kwa papo lakini naogopa hivyo vitendo 300 kwa dakika. Kuna njia ya kuingia bila kukata tamaa?

#16 Mtegaji

Karibu sana. Vitendo 300 ni vya mabingwa, vitoe kichwani kabisa.

Anza na Age of Empires II, na kwa muda mrefu jali kitu kimoja tu: Kituo cha Mji, jengo linalotengeneza wanakijiji wako wa kazi, kisikae bure. Mwanakijiji mmoja anagharimu chakula 50 na anachukua sekunde 25 kutengenezwa. Kila sekunde 25 ambazo kituo kimekaa bila kutengeneza mtu, umempoteza mtu ambaye angekufanyia kazi mchezo mzima, na hakuna namna ya kumrudisha. Zoea herufi H kwenye kibodi, inakupeleka kituoni popote ulipo. Ukiwa vitani, H, agiza mwanakijiji, rudi vitani. Nyumba moja inabeba watu watano, kwa hiyo jenga inayofuata kabla hujafika kikomo.

Usijali askari kwanza. Ukiweza kufika Enzi ya Feudal, hatua ya pili ya gemu, inayogharimu chakula 500, bila kituo kulala hata mara moja, umeshawapita wengi wanaoanza. Baada ya kila mechi uliyopoteza tazama marudio ukiwa upande wa aliyekushinda. Usitazame vita, tazama kituo chake.

#17 FremuKumi

Mgeni, na siku ukipata pedi, Street Fighter 6 ina mpangilio wa vitufe vya kisasa ambapo pigo maalumu linatoka kwa kitufe kimoja. Uharibifu wake unapungua kidogo, lakini unakuwezesha kuanza kumsoma mtu mapema kabla vidole havijakomaa. Wenye msimamo mkali wanaukataa. Mimi nasema utumie.

#18 Mgeni Jamvini

Asanteni sana wakuu. Nimeshajaribu Age of Empires II. Kituo nakimudu kidogo, ila chakula cha kondoo kinaniishia, na nikimfuata nguruwe mwitu ananiulia mwanakijiji. Wenzangu wanamlaje?

#19 Mtegaji

Usimfuate na kundi zima la watu, na usimwulie kule porini, maana nyama itakuwa mbali na kituo na watu watapoteza muda kubeba.

Kondoo wakikaribia kuisha, tuma mwanakijiji mmoja. Mchague yule mwenye uhai kamili, siyo aliyekwisha kujeruhiwa. Amrushie nguruwe mara mbili, kisha papo hapo mkimbize arudi kituoni. Nguruwe atamfuata yeye tu. Anapokaribia, wachukue wale waliokuwa kwenye kondoo, wote, uwaamuru wampige. Kama aliyemleta ameumia sana mwingize ndani ya kituo, nguruwe atahangaika hapo nje wakati wenzake wanammaliza, kisha mtoe naye ale. Nguruwe mmoja ana chakula 340, kondoo ana 100, kwa hiyo wale nguruwe wawili ulionao karibu ndio watakaokubeba hadi kwenye zile 500. Wa pili mwendee wa kwanza akiwa bado ana nyama kidogo, ili watu wasikae bure katikati. Na wakati wote huo, H.